Je, wino wa printa ya nyumbani utakula foto za zamani kwenye albamu?

Swali: "Mama yetu anatimiza miaka 75 mwezi wa 12, na sisi watoto tunamtengenezea albamu. Nimekusanya foto za zamani: za nyeusi na nyeupe za miaka ya 60 na 70, na za rangi za miaka ya 80. Maelezo ya kila foto nayachapa na printa ya nyumbani, ile unayoijaza wino wa chupa, kwenye karatasi ya kawaida. Juzi nilibandika maelezo kwa gundi nyeupe, maandiko yakaanza kutambaa, na rangi nyekundu ikaingia pembeni mwa foto ya ndoa ya wazazi. Kaka yangu anasema niplastifie kila kitu. Jirani anasema nipulizie spray ya nywele juu ya maandiko. Mwingine ananiambia wino wa printa una sumu, na baada ya miaka utakula foto zote. Tunakaa Goma, Himbi, karibu na ziwa, na nyumba ina unyevu. Foto nyingine ya ndoa iko kwenye fremu na imeganda kwenye kioo. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana kwa foto ya ndoa. Acha nianze na hiyo, maana mengine yanaweza kungoja wiki mbili na hiyo haiwezi. Usiifute. Usipitishe kitambaa kilicholowa, wala mate, wala pombe ya dawa. Uso wa foto ya zamani ni tabaka jembamba la jelatini, na jelatini ikipata maji huvimba na kulainika. Ukiisugua wakati huo, unachoondoa si rangi ya printa, ni picha yenyewe: kope za mama yako, ua la shada, mkono wa baba. Iweke mahali pa kivuli penye hewa, uso ukitazama juu, bila kitu juu yake, ikauke yenyewe kwa siku moja au mbili. Ikishakauka, iskani jinsi ilivyo. Wekundu wa pembeni unaondoka kwa urahisi kwenye nakala ya kompyuta, na nakala hiyo ndiyo itakayoingia kwenye albamu. Foto yenyewe iweke kwenye bahasha ya karatasi safi nyeupe. Siku moja mtu mwenye ujuzi wa kutibu foto anaweza kuishughulikia, na atashukuru kuikuta haijasuguliwa.

Sasa hofu yako kubwa, ile ya sumu. Wino mkavu wa printa hauinuki usiku kutoka kwenye karatasi yake na kwenda kula foto ya jirani. Sehemu kubwa ya wino wa chupa ni maji. Kinachobaki ni rangi na vimiminika vizito vya kuzuia wino usikauke ndani ya printa, kama glikoli. Kilichoiumiza foto yako ni maji ya gundi. Gundi nyeupe ina maji mengi. Yalipenya karatasi kutoka nyuma, yakaikuta rangi, yakaichukua na kuimwaga pembeni.

Kwa nini rangi ilikubali kuchukuliwa? Hapa ndipo palipo na kiini cha jibu lote. Wino wa printa za nyumbani ni wa aina mbili. Aina ya kwanza rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari ndani ya chai; aina ya pili, yaani wino wa pigmenti, rangi yake ni chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya maji, kama unga uliokorogwa. Ukichapa, maji ya aina zote mbili hukauka. Lakini rangi ya kuyeyuka inakaa ndani ya nyuzi za karatasi ikiwa tayari kuyeyuka tena siku itakapokutana na tone la maji, hata baada ya miaka. Chembe za pigmenti hazina tabia hiyo. Zimekwama juu ya nyuzi, na maji yakipita huziacha pale pale.

Chupa nyingi za bei nafuu zinazouzwa Birere na kwingineko mjini ni za rangi ya kuyeyuka, hasa zile ambazo hazikutengenezwa na mwenye printa. Printa nyingi za nyumbani zenyewe ni mchanganyiko: nyeusi ni ya pigmenti, rangi tatu nyingine ni za kuyeyuka. Kama yako ni ya namna hiyo, una bahati, ila kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawaujui. Ukiiambia printa kwamba karatasi uliyoweka ni ya foto, mara nyingi inaacha kutumia chupa yake nyeusi na kutengeneza weusi kwa kuchanganya zile rangi tatu. Maandiko yanaonekana meusi kwa macho, kumbe ndani ni nyekundu, bluu na njano. Yakilowa, kila moja inakimbia upande wake. Kwa hiyo chagua karatasi ya kawaida na uchapaji wa nyeusi tu, hata kama umeweka karatasi nene.

Usiniamini kwa maneno matupu. Chapa mstari mmoja mweusi na neno moja la rangi, acha siku nzima, kisha dondoshea tone la maji juu ya kila kimoja. Ngoja dakika moja, bonyeza kwa kipande cha karatasi ya chooni, usisugue. Kama mweusi umebaki mahali pake na karatasi ya chooni imetoka safi, wino wako mweusi unafaa kwa maelezo. Kama kuna wingu la rangi ya waridi au la bluu kuzunguka herufi, usiutumie karibu na foto yoyote unayoipenda. Fanya na jaribio la jua: chapa kipande cha rangi, kikate katikati, nusu moja weka ndani ya kitabu kilichofungwa, nyingine ibandike dirishani mwezi mzima. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku halina huruma. Ukiziweka nusu hizo pamoja mwisho wa mwezi, utajua wino wako ni wa namna gani kuliko boksi lake linavyosema.

Mtu akikushauri ununue wino wa pigmenti umimine kwenye printa yako, thibitisha kwanza kama printa imetengenezewa wino huo. Matundu yanayorusha wino ni membamba kuliko unywele. Printa iliyotengenezewa rangi ya kuyeyuka inaweza kuziba, na hapo utakuwa umepoteza wino pamoja na printa.

Kwa albamu yako mimi ningefuata njia nyingine, na ni ya bei ndogo. Chapa maelezo yako nyumbani kama ulivyozoea, kisha peleka kurasa hizo kwenye kibanda cha fotokopi, zikopiwe kwenye karatasi nzuri nyeupe au kwenye bristoli, ile karatasi nene ngumu, kama mashine inaikubali. Fotokopi, sawa na printa ya laser, haitumii wino wa maji. Inatumia tona, yaani unga wa plastiki uliochanganywa na masizi ya kaboni, ambao mashine huuyeyusha kwa joto kali mpaka ukashikana na karatasi. Kaboni ni katika rangi nyeusi zinazodumu kuliko zote. Jua haliipaushi, na maji hayaichukui. Kabla ya kulipa, kwaruza herufi moja kwa ukucha na ukunje kona ya karatasi. Herufi zikibanduka kama magamba, joto la mashine hiyo limepungua. Nenda kibanda kingine. Tona ina udhaifu mmoja: ikikutana na plastiki laini yenye harufu kali, inalainika na kunata. Siku ukifungua ukurasa, maandiko yanabaki kwenye plastiki.

Hapo tunafika kwenye wahalifu wenyewe, maana kati ya albamu zinazoharibika, wino ni wa nne au wa tano kwenye foleni. Mbele yake wako plastiki, gundi na karatasi.

Ile plastiki laini yenye harufu ya pazia jipya la bafuni ni PVC. Inatoa mvuke wenye asidi polepole na mafuta ya kulainisha, na foto huishia kunata nayo. Tafuta mifuko ya polipropilini, polietilini au poliesta, ambayo haina harufu. Albamu zenye kurasa za kunata, zile unazofunua plastiki, unaweka foto, unarudisha plastiki, ziliingia karibu kila nyumba miaka ya 70 na 80, na kwa kweli nazichukia, kwa sababu nimeona familia nyingi zikipoteza foto zao ndani yake. Gundi ya mistari ile inageuka ya manjano na kushika mgongo wa foto kama saruji. Kama baadhi ya foto zako bado ziko humo, usizivute kwa kona. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya foto, polepole, kama anayekata kwa msumeno, mkono ukibaki bapa. Foto ikigoma, iache, iskani ikiwa juu ya ukurasa wake.

Karatasi nayo ina mambo yake. Karatasi ya mbao iliyosagwa tu, kama ya gazeti, ina lignini, na lignini ndiyo inayoifanya iwe ya manjano na kutoa asidi. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi ni bora kuliko sifa yake: zimewekwa chokaa ndani, na chokaa hiyo inameza asidi kabla haijafika kwenye foto. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito kuliko miji mingine. Nyiragongo, volkano yetu, inapumua gesi ya salfa mchana na usiku. Gesi hiyo ikikutana na unyevu ndani ya karatasi inageuka kuwa asidi. Gesi za salfa pia ni adui wa fedha, na foto za nyeusi na nyeupe zimetengenezwa kwa chembe za fedha. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wa Goma waweke albamu ndani ya boksi lenye kifuniko, si kwenye rafu iliyo wazi. Kwa sababu hiyo hiyo ya salfa, usifunge foto kwa raba, wala usitumie gundi ya mpira ile ya kubandikia viatu.

Utakutana na albamu za nje zilizoandikwa kwamba hazina asidi. Ni dalili njema, lakini yeyote anaweza kuandika hivyo kwenye boksi. Kipimo chenye maana zaidi kinaitwa Photographic Activity Test, kiwango cha kimataifa cha ISO 18916. Karatasi, gundi au wino hubanwa pamoja na kipande chenye fedha kwa siku 15 katika joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 86, kisha wanaangalia kama fedha imeathirika. Ndugu aliye Ulaya au Nairobi akikuuliza akuletee nini, mwambie atafute albamu au pembe za foto zilizopita kipimo hicho. Usipopata, bristoli nyeupe na uangalifu vitakufikisha mbali.

Pembe za foto ni rahisi kutengeneza. Kata ukanda wa karatasi nyeupe wenye upana wa kidole, kunja ncha zake mbili zikutane nyuma, upate kibanda cha pembetatu. Ingiza kona ya foto humo na ubandike kile kibanda kwenye ukurasa. Gundi inashika karatasi, haigusi foto kabisa, na mtoto wa mjukuu wako ataweza kuitoa foto na kusoma kilichoandikwa nyuma. Maelezo yaliyochapwa nayo yawekwe hivyo hivyo, au yabandikwe kwa gundi ya kijiti, ambayo maji yake ni machache. Achana kabisa na selotepu. Inakauka, inaacha mafuta ya kahawia, na mafuta hayo yakishaingia kwenye karatasi hakuna anayeyatoa nyumbani.

Kuhusu nakala za foto zenyewe, nakushauri usizichape kwa printa yako kama unatazamia zidumu. Rangi ya kuyeyuka kwenye karatasi ya foto inayokauka papo hapo ni mchanganyiko dhaifu. Karatasi hiyo ina vitundu vidogo vingi, hewa inaingia mpaka kwenye rangi, na ozoni pamoja na moshi wa magari na jenereta huitafuna hata gizani. Mwaka 2000 printa mpya za foto ziliwahi kuleta malalamiko makubwa Marekani na Ulaya: picha ziligeuka za rangi ya chungwa katika muda mfupi tu, kwa sababu ozoni ilikuwa imeila rangi ya bluu kwanza. Wino umeboreshwa tangu hapo. Wino wa chupa usio na jina si lazima uwe umeboreshwa. Peleka faili kwenye studio yenye mashine ya kusafishia foto kwa dawa, uulize waziwazi kama wanasafisha kwa dawa au wanachapa kwa wino. Foto ya dawa haichuruziki rangi ikipata tone la maji, na kwenye albamu iliyofungwa hudumu miongo mingi. Kama ni lazima uchape nyumbani, iache nakala siku nzima hewani kabla ya kuifunika kwa plastiki, maana ule mvuke wa glikoli ukifungiwa ndani hufanya ukungu na kuzifanya rangi zitambae.

Kaka yako ana nia njema, lakini kuplastifia foto ya asili ni kuizika. Mashine inaibana kwa joto kati ya plastiki mbili zenye gundi. Jelatini haipendi joto, na hakuna njia ya kuirudisha. Kama lile joto au gundi ikishika vibaya, foto imekwisha. Nakala ya fotokopi ya kuonyeshea wageni siku ya sherehe, sawa, iplastifieni. Spray ya nywele usiiruhusu hata mlangoni: ni resini na pombe, pombe inaweza kuyeyusha rangi pale pale, na resini hugeuka ya manjano na kunasa vumbi. Nikiwa hapo hapo, kama mnataka kuweka risiti au foto ya ekografi ya mjukuu wa kwanza, jueni kwamba karatasi ile ni ya kuchapwa kwa joto na itafifia yenyewe. Ikopieni sasa, muweke fotokopi.

Kuhusu unyevu wa Himbi, wino unaoyeyuka hutambaa polepole hata bila kudondokewa na maji hewa ikiwa na unyevu mwingi, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda kuvu inaamka. Usiweke albamu kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje, wala sakafuni, wala karibu na jiko la makala. Chumba cha katikati ya nyumba, juu ya rafu, ndani ya boksi, pamoja na vifuko vidogo vile vya chembe za kukausha unavyovikuta kwenye viatu vipya. Siku za kiangazi fungua boksi lipate hewa, kivulini.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza. Nenda ukakae na mama yako jioni kadhaa kabla ya mwezi wa 12, foto zikiwa mezani, na umwombe akutajie kila mtu, kila mahali, kila mwaka. Maelezo yaandike kwa mkono, kwa penseli laini au kalamu ya wino wa pigmenti. Penseli ni kaboni, haitambai, haipauki, na hakuna printa yoyote inayoweza kuandika kwa mwandiko wako au wa kwake. Kama mkono wake bado una nguvu, aandike yeye hata kurasa chache. Nyuma ya foto andika kwa penseli tu, bila kukandamiza, foto ikiwa juu ya kioo. Kalamu ya bic inaacha mtaro unaoonekana upande wa mbele.

Na skani kila kitu, foto ndogo kwa nukta 600 kwa inchi, uweke nakala kwenye flashi mbili, moja iende kwa ndugu aliye mji mwingine. Mnakumbuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, na wakubwa wanakumbuka tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, lava ilipokata mji katikati. Mtu anatoka na watoto na godoro. Ndiyo maana napenda albamu nyembamba mbili kuliko moja nene ya kifahari: moja inaweza kuingia kwenye begi la mgongoni.

Mengine usiyafanye peke yako. Ukiona unga wa kijani au mweusi kwenye foto, au uso wake unameguka kama rangi ya ukuta wa zamani, itenge na nyingine kwenye bahasha ya karatasi, usiipulize wala kuipiga brashi ndani ya nyumba, kwa ajili ya foto na kwa ajili ya mapafu yako. Mtaalamu wa kutunza foto si rahisi kumpata Goma, lakini anaweza kukuongoza kwa kuona picha za simu zilizopigwa vizuri, za mbele, za nyuma na za ubavuni, kabla hamjaamua kama isafirishwe. Hiyo ya ndoa iliyoganda kwenye kioo iwe ya kwanza kuonyeshwa. Usiivute, usiipashe joto, usiiloweke hata kama video fulani imekuonyesha mtu akifaulu, kwa sababu zipo foto zinazoachia kwenye maji na zipo zinazoyeyuka. Itoe kwenye fremu pamoja na kioo chake, iskani au uipige picha kupitia kioo hicho hicho kwenye mwanga wa pembeni usioakisi, kisha uifunge na kioo chake ndani ya karatasi safi mpaka mtu anayejua aione kwa macho.